Ng'ombe wa Mabula Hawahesabiwi

Kalisti Mabula alizaliwa na akili, na hilo ndilo lililomponza. Angezaliwa mzito kidogo, kama tulivyo wengi, angelima pamba yake pale Nyahanga, angeoa mapema, na pasingekuwa na la kuhadithia.

Nyahanga ya siku hizo ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kahama, na baba yake, mzee Mabula, alikuwa mtu wa ng'ombe. Wangapi? Hapo ndipo adabu inapoanzia. Ng'ombe hawahesabiwi, kama watoto wasivyohesabiwa. Ukimwuliza mwanamke ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo." Ukimwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, atakujibu, "Maziwa tunakunywa." Anayetaja idadi anakiita kifo kije kuhakikisha. Tena si kifo peke yake. Serikali nayo ilikuwa na tabia hiyohiyo ya kusikia idadi na kuja mbio, ama kwa kodi, ama kwa amri ya kupunguza mifugo. Wazee wa Nyahanga hawakuona tofauti kubwa kati ya wageni hao wawili.

Kwa hiyo Mabula aliwatawanya ng'ombe wake kama mtu mwenye akili timamu. Wengine walikuwa nyumbani, wengine kwa rafiki yake Onesmo kule Buzwagi, wengine kwa dada yake Tabu. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, mikono nyuma, akawatazama wakiingia, kisha akasema, "Yule mweusi wa pembe iliyovunjika hajafika." Na kweli hakuwa amefika. Hakuhesabu, wala hakuhitaji.

Kalisti, kwa bahati mbaya, alipelekwa shule ya misheni, akafundishwa namba. Tangu siku hiyo alihesabu kila kilichokaa mbele yake: nguzo za kanisa, punje za rozari, vifungo vya kanzu ya padri. Alipokuwa na miaka minane baba yake alimkuta mlangoni pa zizi midomo ikimchezacheza wakati ng'ombe wanaingia. Alichapwa fimbo ambazo nazo alizihesabu. Fundisho lilimwingia vizuri sana. Kuanzia hapo alihesabu bila kutikisa midomo.

Mwaka 1955 alimaliza sekondari kule Tabora kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma mara mbili, mara ya pili akiwa amepangusa miwani. Milango miwili ikafunguka.

Mlango wa kwanza ulikuwa Nairobi. Kulikuwa na chuo cha ufundi kinafunguliwa huko, na kampuni moja ya machimbo upande wa Geita ilikuwa tayari kumsaidia kijana atakayesomea upimaji wa ardhi, kisha arudi awapimie mashimo yao. Nyumba ya bati, mshahara kila mwisho wa mwezi, na heshima ya kubebewa vyombo vya kazi na watu wengine. Habari hii aliileta Stanslaus, mtu wa palepale Nyahanga aliyekuwa nyapara wa wachimbaji Geita. Stanslaus alivaa kofia ngumu ya mgodini hata akija likizo, hata kanisani, mpaka padri alipomwomba aivue angalau wakati wa kukomunika.

"Huyo akirudi mpima ardhi," Stanslaus alimwambia Mabula, "Justa namtoa kesho yake asubuhi."

Justa alikuwa binti yake wa kwanza, mwalimu wa watoto wadogo pale misheni. Alikuwa na macho ya kumkagua mtu kama daftari la mazoezi, na Kalisti alikuwa ameshakaguliwa tangu enzi za darasa la katekisimu, akapata alama ya kuridhisha. Kalisti mwenyewe hakuwa na swali juu ya jambo hilo. Alimpenda Justa wazi, bila ujanja, na kila mtu alijua isipokuwa yeye aliyedhani ni siri.

Mlango wa pili ulikuwa Kampala, chuo kikuu, pale juu ya kilima cha Makerere.

Kalisti alichagua Kampala. Kwa wazee alieleza kwamba kule ndiko kwenye shahada hasa. Kwa wenzake alieleza kwamba Nairobi ilikuwa chini ya hali ya hatari, Mwafrika anaulizwa kipande kila kona, na jua likizama anafungiwa ndani kama kuku. Maelezo yote mawili yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa barua ya Valerian, mwenzake wa Tabora aliyetangulia huko mwaka mmoja. Ilikuwa na kurasa tatu, na hakukuwa na neno hata moja kuhusu masomo. Kulikuwa na dansi kila Jumamosi, mpira pale Nakivubo, magazeti ya lugha tatu, midahalo ambayo mwanafunzi anasimama kumpinga Mzungu hadharani kisha anakwenda kula chakula cha jioni bila kukamatwa, na matoke mpaka mkanda ufunguliwe. Kalisti aliisoma barua ile hadi ikachanika kwenye mikunjo. Hivyo ndivyo uamuzi mkubwa wa maisha yake ulivyofikiwa, baada ya tafakuri ndefu.

Somo nalo alilichagua kwa busara ileile. Udaktari ulimtaka mtu akae na vyura waliopasuliwa mpaka jioni. Kilimo kilimrudisha mtu shambani, mahali ambapo Kalisti alikuwa amepakimbia kwa gharama ya miaka kumi na miwili ya shule. Hesabu haikuhitaji kitu zaidi ya penseli. Unamaliza kipindi, unaweka penseli sikioni, mji wote ni wako.

Stanslaus aliposikia alivua kofia ngumu akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau humo. "Hesabu," alisema. "Hesabu ya nini?"

"Hesabu tu," Kalisti alisema.

"Ya mashimo?"

"Hapana, Baba."

"Ya pamba?"

"Si ya kitu chochote, Baba. Ni hesabu yenyewe."

Stanslaus alirudisha kofia kichwani. Posa hakuivunja, kwa kuwa mtu wa chuo kikuu ni mtu wa chuo kikuu hata kama anasomea upepo, lakini kuanzia siku ile mambo ya mahari aliyashika kwa mkono wa chuma.

Kalisti alipanda lori la Kahama hadi Isaka, treni ya Isaka hadi Mwanza, na meli ya kuzunguka ziwa, akatapika mpaka Bukoba na kutoka Bukoba tena mpaka mwisho wa safari. Alifika Kampala akiwa mwepesi. Walimpa joho jekundu, chumba chenye dirisha, na kitanda ambacho hakikuwa na mtu mwingine ndani yake. Muhula wa kwanza aliuishi kama barua ya Valerian ilivyoagiza. Alijifunza kucheza dansi, akajifunza kusoma gazeti huku amekunja nne, akajifunza kusema "kwa mtazamo wangu" kabla ya kusema jambo ambalo halikuwa na mtazamo wowote.

Kisha hesabu yenyewe ikamkamata, jambo ambalo hakulipanga. Mwalimu wao alikuwa Mwingereza kijana mwembamba aliyefundisha akiwa ameupa mgongo ulimwengu, anaongea na ubao. Siku moja aliuambia ubao kwamba kujua makundi mawili yana wingi sawa hakuhitaji kuhesabu. Darasa liliandika maneno hayo kwa utii na halikuelewa chochote, Kalisti akiwemo.

Aliyaelewa Jumamosi, penye dansi. Bendi ilianza, kila mwanamume akachukua mwenzake, sakafu ikajaa, na mtu mmoja tu akabaki ameegemea ukuta. Kalisti aliutazama ukumbi kwa uchungu, na ghafla akaona: hakuna mwanamke aliyebaki, mwanamume aliyebaki ni mmoja, basi wanaume wamezidi kwa mmoja, na hakuna aliyehesabu mtu. Ushahidi ulikuwa yeye mwenyewe. Alitoka ukumbini mbio akaenda kuandika. Kuna watu wameitwa na Mungu wakiwa njiani. Huyu aliitwa akiwa amekosa mtu wa kucheza naye.

Tangu hapo hakulala vizuri, na hakujali. Aligundua kwamba namba shufwa peke yake ni nyingi sawa na namba zote kwa pamoja, kwa kuwa kila moja ina mwenzake na hakuna inayobaki ukutani, akacheka peke yake chumbani hadi jirani akagonga. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Haikumpa chakula wala nyumba ya bati, na hakuna mtu wa kwao aliyekuwa na haja nayo, lakini alikuwa nayo, na aliamka nayo kila asubuhi.

Mwenye furaha hajui kunyamaza. Mwaka 1957 Mabula, ambaye hakujua kusoma, alimwambia Hatibu amwandikie mtoto amwulize: hivi hasa unasoma nini huko? Hatibu alikuwa mwenye duka pale mjini Kahama, Mwislamu mwenye asili ya pwani, mtu mwema mwenye sauti nzuri na anayelijua hilo. Barua za nusu ya Nyahanga zilipitia sanduku lake la posta, na alizisoma barazani kwa sauti, kwa kuwa kusoma barua kimyakimya aliona ni uchoyo. Yeye ndiye pia aliyekuwa mshenga wa Kalisti.

Na mambo ya posa yalikuwa yanakwenda vizuri. Mabula alikuwa ameketi kwa Stanslaus na uso wa mfiwa. "Ndugu yangu," alikuwa amesema, "mimi ni maskini. Nina vijing'ombe vichache tu vya maziwa ya watoto." Kwa kuwa hakuna anayetaja idadi, mahari hupangwa kwa vijiti: kila kijiti ng'ombe mmoja, vinalazwa chini, upande huu unaongeza, upande ule unapunguza, na midomo inazungumzia mvua. Mabula alilaza vijiti vinane, akapumua kama mtu aliyetoa roho. Stanslaus alivitazama vijiti vinane akakaribia kulainika.

Hapo ndipo barua ya Kalisti ilipofika. Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Hatibu alikohoa, akasoma:

"Baba mpendwa, shikamoo. Mimi huku sijambo. Umeniuliza ninasoma nini. Usiwe na hofu, Baba, maana hesabu tunayosoma huku haihesabu kitu. Kwa mfano, wewe una ng'ombe sitini na mmoja, yaani ishirini na tisa hapo nyumbani, ishirini kwa Mzee Onesmo kule Buzwagi, na kumi na wawili kwa shangazi Tabu. Sisi huku hatuna haja kabisa ya kujua idadi hiyo. Tunachukua mawe, kila ng'ombe jiwe lake, na tukikuta hakuna jiwe lililobaki wala ng'ombe aliyebaki, tumejua ni sawa bila kutaja namba yoyote. Ndiyo maana nasema, Baba, elimu hii inaheshimu mila zetu."

Hatibu alikuwa msomaji wa aina ya wale ambao maana huwafikia baada ya sauti. Alipofika kwenye "mila zetu" ndipo alipoisikia "sitini na mmoja". Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye mashine. Mzee Mabula alisimama akaondoka bila kuaga, na fimbo yake akaiacha ukutani.

Aliyebaki amesimama, mkononi ana pakiti ya misumari na usoni ana nuru ya mtu aliyeokota almasi ya Mwadui njiani, alikuwa Stanslaus. Alikuwa likizo.

Kalisti alipata habari kwa Justa, ambaye barua zake zilikuwa fupi kuliko za mwingine yeyote aliyemjua.

"Kalisti," aliandika, "barua yako kwa baba yako imesomwa gulioni. Hongera. Baba yangu alikuwa pale, amerudi nyumbani anaimba. Vile vijiti vyenu vinane amevitupa jikoni, Mama amechemshia uji. Sasa anataka thelathini. Sabiti, yule mwenye lori, ametupitia kutusalimia mara mbili wiki hii, na tangu anunue lori hakuwahi kujua tunakaa wapi. Mimi sina la kusema. Kama una nafasi, andika barua nyingine."

Mwezi haukuisha, ng'ombe watatu wa Mabula wakafa. Bwana mifugo alikuja akasema ni ndigana, kwamba kupe walikuwa wengi mwaka ule. Nyahanga ilimsikiliza kwa adabu, ikamshukuru, ikampa maziwa, ikajua kwamba ni barua.

Likizo ndefu ilipofika Kalisti alirudi nyumbani. "Shikamoo, Baba," alisema mlangoni.

"Marahaba," Mabula alisema. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwonyesha kiti, na kiti kilikuwa kimegeuzwa, mgongo kwenye zizi. Wakati ng'ombe wanarudi, msomi wa chuo kikuu aliingizwa ndani pamoja na wanawake mpaka lango lifungwe, na mama yake akamfunga kitambaa kichwani kama anaumwa, ili majirani wapewe sababu. Watoto wa kaka zake walikatazwa kusimama mbele yake kwa mstari.

Siku tatu zilipita hivyo. Ya nne Mabula alimwita nyuma ya ghala.

"Ng'wana wane," alisema, maana alipotaka kumwambia mtoto wake jambo zito alirudi kwenye Kisukuma, "mwanangu, unamtaka yule binti?"

"Namtaka, Baba."

"Thelathini sina. Hata ningekuwa nao sitoi, maana nyuma yako kuna wadogo zako, nao wataoa. Kwa vinane, au kumi, nitakuolea. Sasa sikiliza. Jumapili tunakwenda kwa Stanslaus, Jumatatu anarudi Geita. Utasimama useme ulikosea. Useme hujui kuhesabu."

"Baba, sikukosea."

"Najua hukukosea!" Mabula aligeuka pembeni, akatema mate. "Ungekuwa umekosea tusingekuwa hapa. Utasema ulikosea."

Kitu kimoja tu Kalisti alikuwa nacho duniani ambacho si cha baba yake wala si cha misheni, nacho kilikuwa hicho: kwamba katika mambo ya hesabu hakuwahi kusema uongo. Ng'ombe hakuwa nao, nyumba hakuwa nayo, hata joho lilikuwa la chuo. Na sasa alitakiwa akitupe hicho sebuleni kwa watu, mbele ya mtu mwenye kofia ngumu. Akikataa, Sabiti alikuwa tayari na lori lake, na ng'ombe wake thelathini hawakuwa na mila ya kujificha.

Alikwenda misheni akamsubiri Justa kwenye ua wa shule. Justa alitoka na chaki mikononi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia.

"Na wewe unataka nini?" aliuliza.

"Nakutaka wewe."

"Basi sema hujui kuhesabu. Mimi nitajua unajua. Mtu mmoja akijua inatosha."

"Watanicheka, Justa."

"Watacheka. Kwani ulidhani walikuwa wanakushangilia?" Alijipangusa chaki kwenye sketi, kisha sauti ikamshuka. "Usinifanye nipande lori la Sabiti, Kalisti. Lile lori linanuka ngozi."

Jumapili baada ya misa walikwenda. Sebule ya Stanslaus ilikuwa na kalenda ya misheni, picha ya Moyo Mtakatifu, na viti sita vya kukunja kutoka Geita. Upande mmoja aliketi Stanslaus na ndugu zake wawili; upande mwingine Mabula, Hatibu na Kalisti. Wanawake walikuwa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kiasi cha sikio. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha Stanslaus akafungua fungu la vijiti akaanza kuvilaza chini kimoja kimoja, na Hatibu, kwa niaba ya upande wa mume, akaweka kando yake punje za mahindi kwa vile wanavyovikubali, kila kijiti punje yake, na vijiti vilivyokosa punje vikabaki vinaonekana wazi ni vya ugomvi.

Kalisti alivitazama akasogea mbele. Hilo ndilo jambo ambalo Mwingereza mwembamba aliliambia ubao kwa muhula mzima, na hapa lilikuwa linafanywa na wazee wawili wasio na meno ya mbele, tena kwa kasi zaidi. Alifungua mdomo aeleze. Hatibu alimkanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Kijana," Stanslaus alisema. "Ile barua uliandika wewe?"

"Niliandika mimi, Baba."

"Ulisema sitini na mmoja." Wazee wote walijikunyata kana kwamba kimemwagika kitu cha moto. Stanslaus, aliyezoea baruti, hakujali. "Ni kweli, au si kweli?"

Kalisti alisimama. Mikono yake haikujua ikae wapi, akaishika nyuma.

"Nilikosea, Baba," alisema. "Mimi... mambo ya kuhesabu sijayajua vizuri."

"Hujui kuhesabu?"

"Sijui, Baba."

"Ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Mabula alishusha pumzi. Mambo yalikuwa yamekwenda kama alivyopanga, na mpango mzuri ni kitu cha kufurahisha. Hatibu haraka akasogeza punje zake mbele ya vijiti vinane, akaongeza ya tisa kwa ukarimu. Ingeweza kuishia hapo.

Lakini mmoja wa ndugu za Stanslaus alianza kucheka. Alianza taratibu, mabega kwanza. "Hajui kuhesabu," alisema. "Kapanda meli, kavaa joho jekundu, kala matoke ya Serikali miaka miwili, hajui kuhesabu ng'ombe!" Ndugu wa pili alimpokea. "Mtoto wa kuchunga angemfundisha!" Stanslaus naye akavua kofia ngumu, akajipigapiga nayo gotini, machozi yakimtoka. "Mabula, ndugu yangu," alisema, "pole sana. Vinane ninapokea, tena nakupunguzia, maana mwenye kilema hatozwi sana. Kumbe siku zote hizi ulikuwa unajivunia mbumbumbu!"

Kalisti alisimama akatazama vijiti. Alikuwa amekubali jambo hili, akajiandaa nalo njia nzima, na bado lilimchoma mahali ambapo hakuwa amejiandaa.

Mabula alikuwa anatazama sakafu. Mpango wake ulikuwa umeshinda. Ng'ombe wake walikuwa salama, wadogo zake Kalisti wangeoa, na binti alikuwa karibu kuingia nyumbani kwa bei ya mbuzi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, kazi ambayo maisha yake yote alikuwa ameifanya vizuri kuliko mtu yeyote wa Nyahanga. Alikaa kimya wakati wanacheka mara ya kwanza. Akakaa kimya mara ya pili. Mara ya tatu yule ndugu wa Stanslaus alinyoosha vidole vitano mbele ya uso wa Kalisti, akamwuliza kwa sauti ya kumsemesha mtoto mchanga, "Hivi ni vingapi, baba?"

Mabula alisimama, kiti cha kukunja kikaanguka nyuma yake.

"Ni sitini na mmoja!" alisema.

Kicheko kilikatika. Hatibu aliweka kiganja mdomoni.

"Walikuwa sitini na mmoja," Mabula alisema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kama ya mtu anayevua nguo mbele ya watu, "ishirini na tisa kwangu, ishirini kwa Onesmo, kumi na wawili kwa Tabu. Wamekufa watatu, wamebaki hamsini na wanane. Hakukosea hata ndama. Tangu ana miaka minane hajakosea, nilimchapa kwa sababu alikuwa sahihi! Anajua ng'ombe, anajua mawe, anajua na vile ambavyo wewe na kofia yako hamtavijua mpaka mnazikwa!"

Stanslaus alirudisha kofia kichwani polepole, akainama, akachukua kijiti kutoka kwenye fungu, akakilaza. Akamtazama Mabula. Akalaza kingine.

"Weka," Mabula alisema. "Weka mpaka uchoke. Ila usiseme tena mbele yangu kwamba mwanangu hajui hesabu."

Kalisti alilia, amesimama, mbele ya wakwe zake, jambo ambalo nalo ni mwiko, na hakuna aliyemcheka.